Saa Moja Angani Inakula Nini?

Ukipanda matatu pale Railways ukaelekea Lang'ata, mkiisha kuupita Uwanja wa Nyayo na mtaa wa Nairobi West, tazama upande wa kushoto. Utaona ndege ndogo ndogo zimepangwa kama magari ya gereji. Hapo ni Wilson. Nyingi kati ya ndege hizo ni za kazi: za kupeleka watalii Maasai Mara, za madaktari wa AMREF, za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Lakini zimo pia chache ambazo mtu huzirusha kwa raha yake tu, Jumamosi asubuhi, kama vile mwingine anavyoendesha baiskeli mpaka Karen na kurudi.

Darasani kwetu mwalimu akiuliza ni nani angependa kuwa rubani, mikono zaidi ya kumi huinuka. Ikitajwa bei, mikono yote hushuka, na hapo maelezo ni yale yale: ati mafuta ya ndege ni ghali. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi hata nikaanza kuulizauliza. Nilichokipata ni kwamba mafuta ni sehemu tu ya mambo, tena si sehemu kubwa kama watu wanavyodhani. Hebu tulifungue jambo hili polepole.

Tuanze na hayo hayo mafuta. Ndege ya kujifunzia inayojulikana zaidi duniani ni Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na mpaka sasa zimeundwa zaidi ya 44,000. Ikiwa angani hunywa kama lita 33 kwa saa, na katika saa hiyo huenda karibu kilomita 200. Piga hesabu: ni kilomita sita kwa lita moja. Matatu kuukuu iliyokwama kwenye msongamano wa Ngong Road haina la kujivunia mbele yake.

Shida iko katika aina ya mafuta yenyewe. Ndege kubwa za abiria hutumia Jet A-1, ambayo ni jamaa ya karibu ya mafuta ya taa, nayo yako tele. Injini ndogo za pistoni zinataka petroli yao maalum ambayo marubani huiita avgasi. Ina rangi ya samawati, na hutiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Tarehe 30 Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, lilitangaza kwamba petroli ya magari yenye risasi imekwisha duniani kote. Ya ndege ndogo haikuwamo katika tangazo hilo. Viwanda vinavyoitengeneza ni vichache, na sisi wenyewe tuliacha kusafisha mafuta ghafi pale Mombasa mwaka 2013. Basi avgasi hutujia kutoka mbali, tena kwa kiasi kidogo, na mzigo mdogo kila mara hulipa nauli kubwa.

Haya. Sasa tuseme mafuta yatolewe bure. Ndege bado ingekuwa ghali, manake ndege hula hata ikiwa imelala. Ni kama ng'ombe wa maziwa asiyekamuliwa: majani anakula vile vile. Kuna ada ya kuiegesha au kodi ya hanga, kuna ukaguzi wa kila mwaka ambao bila huo haipati cheti cha kuruka, kuna bima. Hizo zote hulipwa uiruke usiiruke.

Mfano unaonielea zaidi ni wa injini. Mtengenezaji wa injini za aina hii, kampuni ya Lycoming ya Marekani, anashauri ifumuliwe yote na kuundwa upya kila baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Kazi hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, ni dola 40,000. Ndege ya shule inayoruka kutwa itafikisha zile saa 2,000 upesi, na kila saa itakuwa imebeba dola 20 za injini. Sasa mchukue tajiri wa Karen mwenye ndege yake mwenyewe, anayeruka saa 50 kwa mwaka. Miaka 12 itakapotimia atakuwa ameruka saa 600 peke yake. Gawanya 40,000 kwa 600, upate karibu dola 67 kwa saa. Injini ni ile ile, fundi ni yule yule, lakini aliyeruka kidogo amelipa zaidi ya mara tatu. Hapo hatujagusa bima wala hanga, na hesabu yake huenda namna hiyo hiyo.

Ndiyo maana nasema kinachoifanya saa moja angani iwe ghali ni uchache: uchache wa saa, uchache wa watu wa kuchangia, uchache wa ndege zenyewe. Mengine yote ni matawi ya mti huo.

Tazama spea. Nina binamu, mtoto wa shangazi, anayeuza spea za magari Kirinyaga Road. Pale ukitaka altaneta ya Toyota utaletewa mpya, ya Dubai, iliyotumika Japani, na iliyochokonolewa na fundi wa jua kali nyuma ya duka. Kazi yako ni kuchagua kulingana na mfuko. Siku moja binamu alipelekwa kwenye karakana ya ndege, akaonyeshwa altaneta. Akaigeuza mara mbili.

"Mzee, lakini hii si kama ya gari tu? Mimi ninazo kama hizi rafu nzima."

"Kijana," fundi akamjibu, "zinafanana, ndiyo. Ya kwako ina karatasi?"

Karatasi aliyoisema ni cheti kinachoeleza kifaa kilitoka kiwanda gani, nani alikikagua na lini. Hata skrubu huwa nayo. Kifaa kisicho na karatasi hakifungwi kwenye ndege hata kiwe kinang'aa vipi, na fundi akikifunga, leseni yake iko hatarini. Usidhani huo ni ukiritimba tu. Gari likizimika Uthiru, utalisukuma kando upige simu. Ndege ikizimika juu ya Uthiru, hakuna kando. Lakini magari ni mamilioni, na gharama ya kukipima kifaa cha gari hugawanywa kwa wanunuzi hao wote hata isionekane. Ya ndege hugawanywa kwa watu wachache, nao huisikia.

Uchache huu una historia yake huko Marekani zinakotoka ndege nyingi. Mwaka 1978 viwanda vya huko viliunda ndege ndogo zaidi ya 17,000. Mwaka 1994 hawakufikisha hata 1,000. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni mahakama. Ndege ikianguka, hata ikiwa na umri wa miaka thelathini na imepita mikononi mwa wenyewe saba, jamaa za waliokufa waliweza kumshtaki aliyeiunda. Viwanda vikawa vinatia gharama ya kesi za kesho ndani ya bei ya leo. Cessna walichoka, wakaacha kabisa kuunda ndege hizi ndogo za pistoni mwaka 1986. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya kuwakinga watengenezaji ndege ikishapita miaka 18, ndipo Cessna wakarudi kazini miaka miwili baadaye. Kufikia hapo wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Cessna 172 ya mwaka 1956 iliuzwa dola 8,995. Ukihesabu jinsi dola ilivyopungua nguvu tangu hapo, hizo ni kama dola laki moja za siku hizi. Mpya ya leo inauzwa zaidi ya dola laki nne. Basi usishangae ukipanda ndege ya mafunzo ukakuta ina umri kuliko mwalimu wako.

Nairobi nayo imetuongezea mzigo wake. Kwanza ni mwinuko. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000. Maana yake Cessna ikisimama Wilson imekwisha kupoteza karibu moja kwa sita ya nguvu zake kabla hata haijasogea. Mabawa nayo na rafadha, ile pangaboi ya mbele, hupata hewa kidogo ya kushika. Mchana wa jua kali ni zaidi. Huko Mombasa ndege hiyo hiyo huinuka kwa furaha. Huku hukimbia, hukimbia, ndipo iamke. Kwa hiyo rubani mwenye busara huacha kiti kimoja wazi, pengine viwili, na wale ambao wangechangia nauli hupungua. Ndiyo sababu pia marubani hupenda asubuhi na mapema, na huulizia hali ya hewa kwanza. Idara yenyewe ya Utabiri wa Hali ya Hewa iko Dagoretti Corner, wale wa matatu za Ngong huipita kila siku.

Pili ni dola. Injini, spea, mara nyingi na bima, vyote hulipiwa kwa dola, na mshahara wa Mkenya ni shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka mpaka karibu 129. Zile dola 67 za injini ya tajiri wetu zilikuwa zaidi ya shilingi 10,700, kisha zikawa kama 8,600, na yeye hakufanya lolote ila kungoja.

Kuhusu bima sitasema mengi. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imetoka tu Wilson, ziligongana hewani juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Anga ya Wilson ni ndogo na ina shughuli nyingi, na wenye makampuni ya bima husoma magazeti kama sisi.

Lakini tusidhani kwamba zamani mambo yalikuwa rahisi. Klabu ya marubani, Aero Club of East Africa, ilianzishwa mwaka 1927 na ingali pale Wilson hadi leo. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na ni jina la mama huyo ambalo kiwanja kinalo mpaka sasa. Ndege yao ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth ya viti viwili, yenye mabawa yaliyofunikwa kwa kitambaa. Ndege kama hiyo iliuzwa Uingereza karibu pauni 650, yaani shilingi 13,000. Miaka hiyo hiyo Mwafrika wa Kenya alitozwa kodi ya kibanda ya shilingi 12 kwa mwaka, na wengi walilazimika kwenda kufanya kazi mashambani ili tu waipate. Gawanya tena: bei ya ndege moja ya kuchezea ilikuwa kodi ya mwaka mzima ya vibanda 1,083. Sijui mwenzangu, lakini mimi hesabu hiyo ilinikalisha kitako.

Hata hao wenye nazo wengine hawakuweza kuirusha kwa raha peke yake. Beryl Markham, aliyefundishwa na huyo Campbell Black, alirusha ndege hapa Kenya kwa malipo, akibeba barua na abiria na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka juu. Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akaangukia kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, akiwa hai. Ndege aliyovukia haikuwa yake. Aliazimwa.

Sasa tuje kwa mwanafunzi wa leo, ambaye ndiye aliyenifanya niandike. Leseni ya kwanza ni ya rubani binafsi, na mwenye nayo haruhusiwi kulipwa hata ndururu. Ili kuipata lazima uwe umetimiza miaka 17, upimwe na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, upite mitihani ya karatasi, na uruke saa zisizopungua 40, kumi kati yake ukiwa peke yako. Safari moja ya peke yako lazima ifikie kilomita 270, utue katika viwanja viwili vingine njiani. Anayetaka kulipwa kwa kazi ya urubani anahitaji leseni ya biashara, ambayo kwa kawaida ni saa 200, au 150 kwa kozi kamili iliyoidhinishwa. Maana yake ngazi ya kwanza ya kazi ni hii hii inayoitwa mchezo wa matajiri. Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa nahodha wa Boeing 787, leseni yake ya kwanza aliipatia Wilson kabla ya kwenda kusomea Marekani. Ngazi ya chini ikipanda bei, walio juu kesho watakuwa watoto wa nani?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa urubani kibaba hiki kinavuja. Binamu yangu wa Kirinyaga Road alianza kujifunza miaka mitatu iliyopita. Hajaomba mtu pesa. Biashara ikiwa nzuri, hulipia saa moja. Ikiwa mbaya hukaa miezi miwili, mitatu, bila kwenda. Sasa mkono husahau. Akirudi, mwalimu humrudisha nyuma: kutua tena, kugeuka tena, kuzima injini na kujifanya imeharibika tena. Saa aliyoilipia huishia kurudia ya zamani. Kijana aliyeanza naye wiki moja alilipiwa zote kwa mkupuo, akaruka mara nne kwa wiki, akamaliza kwa saa 45. Daftari la binamu linasoma saa 38, na mwalimu anamwambia kwamba kwa mwendo huu atahitaji ishirini zaidi. Nyote mliotumwa dukani Kawangware mnayajua mambo haya. Anayenunua mafuta ya kupimiwa ya shilingi kumi kumi, mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya aliyenunua mtungi mzima, na bado hana mtungi.

Je, hakuna njia ya kupunguza? Ipo, na karibu zote ni za kupigana na ule uchache niliousema. Ya zamani ni klabu. Ya pili inafanana sana na chama cha kina mama: watu kumi wananunua ndege moja, kila mmoja anaruka saa zake 20, jumla 200, na bima na hanga zinagawanywa. Wanaoifanya wanasema shida yake si pesa, ni kukubaliana nani aichukue Jumamosi ya Pasaka. Zipo pia ndege nyepesi zaidi za viti viwili zinazokunywa petroli ya kawaida ya gari, kama lita 18 kwa saa, na zipo injini mpya za dizeli zinazotumia Jet A-1, ila bei ya kuzinunua bado iko juu. Na kwa anayetaka tu kuwa angani, bila injini wala hanga, kuna mwavuli wa kurukia mlimani. Kule Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, watu huruka nao hasa Januari mpaka Machi upepo unapokuwa mzuri. Mwavuli wote unaingia kwenye begi la mgongoni, ukapanda nao matatu kurudi nyumbani. Bibi yangu alipoelezwa habari hizo alisema afadhali ndege, angalau ina mlango.

Binamu hataki mwavuli. Ameacha kulipia saa moja moja. Tangu Januari anaweka pesa katika sacco, na amejiapiza hatagusa ndege mpaka afikishe za saa ishirini, ndipo afunge kibanda chake mwezi mmoja aziruke mfululizo. Shangazi anasema huo ni wazimu, kibanda kikifungwa mwezi wateja watahama. Nimemwambia kaka asikifunge. Shule zikifunga Agosti, nitakaa mimi. Bei za altaneta nimeanza kuzikariri.